Meli Iliyosimama kwenye Udongo

Wifi yangu aliichoma meli yangu ya kivita kuchemshia maharage. Nalisema hilo mapema ili hasira yangu ipate pa kukaa, halafu niweze kuendelea na mengine.

Nilimwacha binti yangu kwa mama yangu hapa Tunduma, nikaenda Vwawa kufuatilia cheti chake cha kuzaliwa. Nilirudi mchana, na kabla sijavua viatu pua ikanishtua. Ilikuwa harufu ya vanishi inayoungua, vanishi nzito ya zamani, ile ya majeneza, inayoganda kooni ukahisi unaweza kuitafuna. Nikakimbilia uani. Sufuria ilikuwa inatokota juu ya mafiga, na wifi, mke wa kaka yangu, amechutama pembeni anapuliza moto.

"Wifi, umewashia nini?"

"Vile vibao vya juu ya kabati la mama. Vimejaa vumbi miaka yote! Kumbe vikavu hivyo, vimeshika moto kama petroli."

Akavisifia kabisa. Sikumpiga, na naomba hilo likumbukwe siku watu watakaponisema. Nilikaa chini kwenye kigoda, nikavuta ile harufu hadi ikaisha, na nikiivuta nilikuwa na miaka tisa tena, miguu imening'inia kwenye benchi la baba mkubwa Ezekia.

Baba mkubwa alikuwa kaka yake baba, na alikuwa fundi seremala. Vitanda alitengeneza, milango alitengeneza, lakini mji ulimjua kwa majeneza. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi Zambia na kutafuta kwake kukawa kwa muda mrefu, mama alishinda sokoni na mchele wake, kwa hiyo nikitoka shule nilikwenda karakana. Mama hakupenda. "Mtoto wa kike kushinda kwenye majeneza," alisema, "atakuja kuolewa na nani, na mchimba kaburi?" Lakini hakuwa na mahali pengine pa kuniweka, na baba mkubwa alikuwa ananilisha.

Juu ya ukuta wa karakana, mbali na maranda na vumbi, kulikuwa na rafu ndefu. Juu ya rafu zilipangwa meli za kivita. Alizichonga kutoka masalia ya mbao za majeneza, msindano na msaiprasi, akapiga msasa hadi zikalainika kama sabuni iliyotumika. Mizinga ilikuwa spoki za baiskeli zilizokatwa. Minara ilikuwa vifuniko vya kalamu. Watu waliokuja kuagiza jeneza walizikodolea macho, wakasahau kidogo kilichowaleta. Nilimuuliza kwa nini anachonga meli na hakuna anayenunua. Alikuwa anapiga randa, hakuinua kichwa.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyoniita, "kila ninachotengeneza mimi kinakwenda chini. Nataka nitengeneze kitu kinachobaki juu."

Na niseme wazi, bahari hakuwahi kuiona. Mbali kabisa alikofika ni Mbeya. Bahari yake yote ilikuwa kwenye kitabu.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kinene kama tofali, cha meli za kivita za dunia nzima. Alikikuta Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwenye lundo la vitabu vilivyoshushwa pamoja na marobota ya mitumba. Alipokishika pembe moja, mtu mwingine alikuwa ameshika pembe ya pili. Huyo ndiye Ba Mulenga, fundi wa redio na saa, mwembamba, miwani yake imefungwa na uzi wa kushonea. Hawakuwa wanajuana.

"Nimekiona kwanza mimi."

"Awe, mukwai, hapana bwana. Macho hayanunui. Mimi nimekigusa kwanza."

Walibishana hadi mwenye lundo akachoka, wakakinunua pamoja. Halafu wakabishana tena, kitalala kwa nani. Baba mkubwa akakileta karakana, akakibana kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa meno madogo na kukikata mgongoni, katikati, kama mkate. Nusu ya mbele ilikuwa ya picha. Nusu ya nyuma ilikuwa ya michoro na vipimo, urefu, upana, kila mzinga mahali pake. Ukiwa na picha bila vipimo, utachonga bata. Ukiwa na vipimo bila picha, hujui unachonga nini. Kwa hiyo kila Jumamosi walibadilishana nusu, na urafiki wao ukaanzia hapo, kwenye msumeno.

Waligawana kazi pia. Baba mkubwa alichonga mwili wa meli. Ba Mulenga, kwa koleo zake za saa, alitengeneza vidude vidogo, ngazi nyembamba kama mguu wa nzige, na kamba za uzi mweusi. Kanuni ilikuwa moja, na ilikuwa sheria kuliko amri za kanisani: mita moja ya meli ni milimita mbili za mbao. Nilipofika darasa la tano mwalimu akaanza kuhangaika na skeli ubaoni, nilishangaa wenzangu wanalia. Mimi nilikuwa ninaijua kama njia ya kwenda kisimani.

Mbebaji wa nusu kitabu nilikuwa mimi. Mtu mzima akivuka mpaka na picha za mizinga ataulizwa maswali. Mtoto mwenye kikapu cha nyanya hakuna wa kumuuliza. Nilipita na kikapu kichwani, kitabu chini, nyanya juu, nikatoa salamu ya "mwapoleni mukwai" kwa kila mtu mzima, na kwa Ba Mulenga nilipewa soda nusu chupa. Nusu nyingine alikunywa yeye. Alikuwa mtu wa nusu nusu kila kitu.

Sasa nieleze kuhusu rangi nyekundu, maana kila kitu kimetoka hapo.

Mliokua Tunduma mnajua, ukiacha barabara kuu ya lami, kulikuwa na udongo tu. Nyumba ilipakwa chokaa Krismasi, ikifika Pasaka ni nyekundu hadi usawa wa dirisha, matone ya mvua yamerusha matope. Mbuzi mweupe alikuwa mweupe juu tu. Malori yaliyolala foleni ya mpaka yalikuwa na rangi za kila namna juu, na chini yote yalikuwa ya kabila moja. Mimi nilidhani dunia nzima iko hivyo. Kitu chochote kikisimama, chini kinakuwa chekundu.

Kwenye kitabu kulikuwa na ukurasa mmoja wa rangi. Meli ndefu ya kijivu yenye mabomba matatu ya moshi, imechorwa kwa ubavu, na chini, kuanzia mstari ulionyooka, nyekundu. Nikaelewa mara moja. Ile meli imesimama kwenye udongo. Mvua imenyesha, imekwama, kama malori. Niliionea huruma hadi nikaipa jina: Bibi wa Isansa, kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikaa Isansa, alivuta kiko, na masika yakianza hakutoka nje akiogopa kukwama.

Niliwaambia wale wazee. Ilikuwa moja ya siku ambazo Ba Mulenga alivuka kuja kwetu. Baba mkubwa alisema ile ni rangi tu, mapambo. Ba Mulenga akasema ni kutu, chuma kikikaa majini kinashika kutu. Wakaanza kubishana. Halafu Ba Mulenga akageuka, akashusha miwani.

"Iwe mwana, wewe unaonaje?"

"Ni udongo."

Ningekuwa kwa mwalimu wangu ningechekwa na darasa zima. Wao waliukazia macho ule ukurasa. "Hata mimi sijawahi kuiona," alisema baba mkubwa taratibu. "Pengine ni udongo." Siku ile akanipa kipande cha msindano, akaniambia nichonge Bibi wa Isansa wangu mwenyewe.

Nikaanza. Lakini ule ukurasa ulikuwa kwenye nusu ya vipimo, na kila wiki ya pili ilikuwa zamu ya Nakonde. Siku saba nzima meli yangu ilikaa bila mchoro wake! Jumamosi moja, njiani, nikakaa nyuma ya ghala, nikatoa kitabu chini ya nyanya, nikauchomoa ule ukurasa. Ulitoka kirahisi, maana msumeno ulishalegeza nyuzi. Nikauficha ndani ya gauni, nikaenda kunywa soda yangu.

Ba Mulenga alijua kurasa zake kama saa. Jumamosi iliyofuata hakunipa soda. "Mwambie Ezekia," alisema, "rafiki hakati mkate mara mbili. Kama alitaka ukurasa wa rangi, angesema."

Nikarudi. Baba mkubwa aliniuliza, "Kasemaje?" Nikamrudishia nusu ya picha, nikasema anasalimia na vipimo bado anavitumia.

Wiki ya tatu nusu ya vipimo bado haikurudi. Nikatumwa kuulizia, nikarudi mikono mitupu, nikalazimika kusema. Baba mkubwa alikasirika hadi shingo ikavimba. "Ananiita mwizi? Mimi? Mwambie picha zake zipo hapa, akizitaka aje na miguu yake, na ukurasa aliouchana aje nao!" Nilipeleka. Nilileta majibu. Nilikuwa tarishi wa matusi ya wazee wawili, na sababu ya matusi ilikuwa imekunjwa chini ya godoro langu. Kila tusi nililipunguza makali njiani, na kila nilipolipunguza waliona dharau kwenye upole wake. Mwisho hakuna aliyenituma tena.

Baba mkubwa aliacha kuchonga. Alitengeneza majeneza tu, kuanzia asubuhi. Vumbi likakaa juu ya rafu na hakulipuliza. Nikajiambia wazee wakigombana ni shauri yao. Mtoto wa miaka tisa anaweza kujidanganya vizuri kuliko mwanasiasa.

Halafu mama yake Ba Mulenga akafa.

Habari ilikuja asubuhi na mama mmoja muuza samaki wa kukausha: mazishi kesho. Kila mtu aliyefahamu wale wazee alijua kwamba yule bibi akifa, jeneza ni la Ezekia. Alishawahi kumtania mwenyewe, "Fundi, mimi nitengenezee refu, nataka kujinyoosha." Baba mkubwa aliinuka. Alichukua mbao za mninga alizokuwa akizificha, akazipiga randa, akazilaza kwenye benchi. Akakaa mlangoni. Akatazama upande wa mpaka.

Mtu hajipeleki kuuza jeneza kwenye msiba. Kwetu hilo ni kama kumwombea mtu kifo. Fundi anasubiri aitwe. Na Ba Mulenga akizika mama yake kwa jeneza la fundi mwingine, hapo hakuna tena kupatana, hata wazeeke wote wawili. Nilikuwa mdogo lakini hilo nililijua, maana nilikulia mle ndani.

Saa nne ikapita. Saa sita ikafika. Mama alileta chakula, baba mkubwa akakisogeza pembeni. "Pengine ameshampata mtu," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeibiwa, si ya mtu aliyekasirika. Sauti ile ilinishinda.

Nilikimbia nyumbani, nikauchomoa ukurasa chini ya godoro, nikavuka mpaka bila kikapu na bila kumsalimia yeyote. Nyumbani kwa Ba Mulenga wanawake walikuwa wanaimba uani. Yeye alikaa kwenye mkeka na wanaume, miwani imevuliwa, na bila miwani alionekana kama mtoto. Nilipita katikati ya watu. Mzee mmoja akanifokea, "We mtoto, hapa ni msibani!" Nikapiga magoti, nikaweka ukurasa mbele yake.

"Nimeuiba mimi. Baba mkubwa hajui. Mbao zipo juu ya benchi tangu asubuhi."

Alivaa miwani. Akaukunjua ukurasa, akaupitisha kiganja kulainisha mikunjo, taratibu, kama anamlaza mtu. Nilisubiri kofi. Hadi leo shavu langu linalisubiri.

"Chakula amekula?" aliuliza.

"Hapana."

Akasimama. Akamnong'oneza ndugu yake kitu, na ndugu yake akatoka mbio, nikasikia baadaye alikwenda kumzuia fundi mwingine asianze. Ba Mulenga akanishika mkono, tukatembea pamoja hadi Tunduma jua likiwa utosini, yeye na suti yake ya msiba, mimi peku.

Baba mkubwa alituona kwa mbali. Hakusimama hadi tulipofika mlangoni.

"Ezekia," alisema Ba Mulenga. "Kipimo unacho?"

"Ninacho."

"Alitaka refu."

"Najua. Aliniambia."

Basi. Wakaingia ndani. Ba Mulenga akavua koti, akafunga vishikio vyote mwenyewe, na kwenye kifuniko akapigilia urembo mdogo wa waya wa shaba, ule wa kamba za meli. Kabla jua halijazama jeneza lilikuwa limelazwa kwenye mkokoteni, likasukumwa kuvuka mpaka, na wale wazee wakitembea pande mbili, kila mmoja mkono juu ya mbao.

Adhabu yangu ilikuja msiba ulipokwisha. Sikupigwa. Niliambiwa nichore ule ukurasa mara mbili, mmoja wa Tunduma na mmoja wa Nakonde, kila mstari, kila namba, kwa rula, na ukikosea milimita moja unaanza upya. Ilinichukua likizo nzima. Nililia juu ya karatasi ikabidi niibadilishe. Lakini mwisho wa likizo mkono wangu ulikuwa unajua kunyoosha mstari, na maneno ya Kiingereza ya kwenye mchoro niliyajua yote bila kufundishwa, na nilikuwa nimejifunza kwamba kosa linaweza kurekebishwa kwa kazi, si kwa kulia. Nimemaliza kidato cha nne kwa sababu ya ile likizo. Wanaosema nilikuwa na akili hawakuniona nikianza upya mara kumi na moja.

Meli yangu niliimalizia kwa udongo. Nilichekecha udongo mwekundu wa uani kwetu, nikauchanganya na gundi ya mbao, nikaipaka chini tabaka juu ya tabaka, hadi ukawa mnene kama ganda la yai, kisha vanishi. Siku chache baadaye Ba Mulenga akaja na jibu. Alikuwa amemuuliza dereva wa lori la mafuta anayekwenda bandarini Dar. Ile nyekundu ni rangi, ina dawa, inazuia konokono wa baharini wasigande. Wote watatu tulikuwa tumekosea, ila mimi zaidi. Nikachukua kisu nianze kukwangua.

Baba mkubwa akanishika mkono. "Kipimo ni cha kitabu," alisema. "Rangi ni yako. Acha."

Alifariki nikiwa sekondari. Vijana aliowafundisha walimtengenezea jeneza, na vishikio alivifunga Ba Mulenga, hataki kusaidiwa. Baada ya mazishi aliniletea nusu yake ya kitabu, na mke wa baba mkubwa akanipa ile nyingine. Ninazo zote, zimefungwa pamoja kwa kipande cha kitenge. Meli za rafuni ziligawanywa kwa wajukuu, zikapotea moja moja. Yangu ilibaki juu ya kabati la mama, na mimi, mjinga, nilifikiri juu ya kabati ni mahali salama.

Nasema nina hasira, na ninayo. Nina hasira na watu wanaotupa kitu kabla ya kuuliza ni cha nani. Nina hasira na mimi mwenyewe, kwa kumlea binti yangu miaka sita bila kumpandisha juu ya kiti akaiona. Lakini nikikaa na ile hasira, chini yake nakuta kitu kingine. Wazee wawili waliokuwa na kila sababu ya kunicheka waliniuliza naonaje, na wakasubiri jibu. Ni wangapi wamepata hilo?

Maharage yalipoepuliwa nilichukua kijiti, nikachokoa majivu. Wifi alikuwa anaomba radhi kwa mara ya nne. "Wifi, ningejua..." "Hukuuliza," nilimjibu. Halafu kijiti kikagusa kitu kigumu.

Mbao ilikuwa imekwisha. Udongo haukuungua. Ulikuwa umeiva kama chungu, mwekundu kuliko mwanzo, umevunjika vipande, na kipande kimoja, kirefu kama kidole changu cha kati, kilikuwa bado kimejikunja vilevile pua ya meli inavyojikunja. Wifi akaingiza mikono yake kwenye majivu ya moto kunisaidia kutafuta vingine. Nikamsamehe hapo hapo, ingawa sikumwambia. Maharage niliyala. Yalikuwa matamu, na hilo nalo liliniudhi.

Binti yangu akaja, akachutama. "Mama, hiki nini?"

"Meli."

"Mbona nyekundu?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, rangi, dawa, konokono wa baharini. Nikalimeza.

"Wewe unaonaje?"

Akakitazama kile kipande. Akaitazama miguu yake, alivyotoka kucheza, myekundu hadi kwenye vifundo.

"Ilitoka nje bila viatu," alisema.

Nikamtuma alete rula.